Maswali ya Wasomaji: Inspekta wa Bima Anatafuta Nini Huko Darini?

Wiki hizi maswali yamekuja mengi kutoka kwa ndugu zetu walioko Florida na karibu yote ni ya bima ya nyumba. Si ajabu, msimu wa vimbunga kule unaanza tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, na barua za kampuni za bima huwa zinafika kabla ya kimbunga chenyewe. Nimechagua machache, mengine nimeyaunganisha sababu yanauliza kitu kile kile. Majina tumeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi niko Tampa, ndo nimenunua nyumba yangu ya kwanza, imejengwa 1987. Ajenti wa bima ananiambia nitafute inspekta anifanyie ukaguzi wa pointi nne na tena ukaguzi wa upepo. Sasa si kabla ya kununua nilishamlipa inspekta akazunguka nyumba nzima akanipa ripoti nene kama kitabu? Kwani hiyo haitoshi, au ndo njia ya kutuchuna hela? *Mpangaji wa zamani, Tampa*

JIBU: Hongera sana dada kwa nyumba. Hapana, ile ripoti haitoshi, na wala hujatapeliwa, hivi ni vitu vitatu tofauti ambavyo watu wanaviita jina moja. Ukaguzi wa kununua ni wa kwako wewe mnunuzi, ndo maana umejaa kila kitu, mpaka mlango unaokwaruza sakafu umeandikwa. Wa pointi nne ni wa kampuni ya bima, wao wanataka kujua wakuchukue au wakuache, na wanaangalia mambo manne tu, paa, umeme, mabomba ya maji, na kiyoyozi na mitambo yake. Kampuni nyingi wanaudai kwa nyumba za kuanzia miaka 20 au 30 hivi, kwa hiyo yako imeingia humo. Huu ndo wa kuuogopa kidogo sababu jibu lake linaweza kuwa hapana.

Wa upepo hauna kufeli. Sheria ya Florida inazilazimisha kampuni za bima zitoe punguzo kwa nyumba yenye vitu vinavyopunguza hasara ya upepo, na fomu inayotumika ni moja kwa jimbo zima, inaitwa OIR-B1-1802. Inspekta anaijaza, anabandika picha, unampa ajenti, na inadumu mpaka miaka 5 kama hujabadilisha kitu kikubwa kwenye jengo. Usipoipeleka, kampuni inakuhesabu kama mtu asiye na chochote, hata kama fundi wako alifunga paa kwa minyororo. Usisubiri wakuombe maana hawatakuomba, hela inayopungua ni yao. Mi nashangaa watu wanaolipa miaka na miaka bila kuwa na hiyo karatasi.

Kwa mwaka 1987 kuna vitu viwili ningeviangalia mwenyewe leo jioni kabla inspekta hajaja. Cha kwanza mabomba. Nyumba nyingi za kati ya 1978 na 1995 ziliwekewa mabomba ya plastiki ya polibyutilini, mara nyingi ya kijivu, unayaona pale yanapoingia kwenye hita ya maji au chini ya sinki. Yalikuja kujulikana kwa kupasuka yenyewe bila hodi, na kampuni nyingi wakiyaona tu kwenye picha wanakufungia mlango mpaka uyabadilishe. Cha pili boksi la umeme, fungua kile kimlango cha nje tu (usifungue skrubu, hiyo ni kazi ya fundi) usome jina. Ukikuta Federal Pacific au Zinsco, anza kutafuta bei ya fundi umeme mwenye leseni, sababu breka za maboksi hayo zina sifa ya kutokata umeme pale zinapotakiwa kukata na watu wa bima wanayajua majina hayo kwa kichwa. Afadhali ujue wewe kwanza kuliko kuambiwa na barua ya kukataliwa wakati benki ya mogeji, yaani ya mkopo wa nyumba, inakusubiri.

Kama unajiuliza haya mambo yote yalianzia wapi, yalianzia kwa kimbunga Andrew, tarehe 24 Agosti 1992, kusini mwa Miami, pale Homestead na majirani zake. Maelfu ya nyumba zilibomoka, baadhi ya kampuni za bima zikafilisika, na watu walipochunguza vifusi wakakuta mapaa yameng'oka sababu misumari ilikuwa michache au imepigwa pembeni ya mbao. Kaunti za Miami-Dade na Broward zikaanza kanuni ngumu mwaka 1994, halafu jimbo zima likapata kanuni moja ya ujenzi iliyoanza kazi tarehe 1 Machi 2002. Ndo maana inspekta atakusumbua sana na tarehe ya kibali cha paa lako, hiyo tarehe kwenye fomu ina maana kubwa kuliko umri wa nyumba yenyewe.

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Orlando, nyumba ya tofali za bloku. Inspekta kapanda darini katoka huko jasho linamtiririka akaniambia kenchi zimeshikwa na klipu za chuma lakini klipu zina misumari miwili miwili, ilitakiwa mitatu, kwa hiyo kwenye fomu ameandika kama vile hamna klipu kabisa. Mzee hii ni kweli? Msumari mmoja? Au anataka niite fundi wake? *Kijana wa Orlando*

JIBU: Marahaba kijana. Ni kweli, na inspekta wako kafanya kazi yake vizuri kuliko wengi.

Ngoja nikueleze maana hapa ndo penye uhondo. Watu wanafikiri upepo unasukuma paa chini au pembeni, kumbe kazi kubwa ya upepo ni kulinyanyua. Hewa ikipita kwa kasi juu ya paa, mgandamizo wa juu unapungua, ndani ya nyumba mgandamizo uko pale pale, basi paa linavutwa kwenda juu. Dirisha likivunjika au mlango wa gereji ukibonyea ndo balaa, upepo unaingia ndani unasukuma kutoka chini huku wa juu unavuta. Kwa hiyo swali la inspekta ni moja tu, kama mtu akilivuta paa lako kwenda mbinguni, ni kitu gani kinalishikilia kwenye ukuta.

Fomu ina majibu kwa ngazi. Chini kabisa ni misumari ya mshazari, yaani boriti ya kenchi imekalia juu ya ukuta na fundi kapiga misumari kwa pembeni ikaingia kwenye mbao ya chini, hiyo ikivutwa juu inachomoka kama jino bovu. Juu yake kuna klipu, kipande cha chuma kinachoshika kenchi kwa upande mmoja. Halafu mkanda mmoja, huu unatoka ukutani unapita juu ya mgongo wa kenchi unashuka upande wa pili, na una misumari pande zote mbili. Halafu mikanda miwili. Kila ngazi punguzo linapanda.

Sasa ili klipu ihesabike kuwa klipu, fomu inataka iwe imepigwa misumari isiyopungua mitatu kwenye kenchi, ishikane na mbao ya juu ya ukuta au iwe imezikwa kwenye lenta, isiache mwanya wa nusu inchi au zaidi, na isiwe imeliwa na kutu vibaya. Ikikosa kimoja inarudi chini inahesabiwa kama msumari wa mshazari. Na kibaya zaidi, wanaandika kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, si wastani. Unaweza kuwa na kenchi arobaini zimefungwa mikanda safi, mbili juu ya baraza zina misumari ya mshazari, fomu itakuandikia mshazari (isipokuwa vile vipande vifupi vya karibu na kona ya paa, hivyo wamevisamehe).

Nyumba nyingi za zamani zilijengwa wakati hakuna mtu anayehesabu misumari, klipu ina matundu manne au matano na fundi alikuwa na haraka akagonga miwili akasogea. Msumari wa tatu kwa kila kenchi ni kitu kidogo sana ukilinganisha na paa jipya. Shida ni nafasi, pale paa linapokutana na ukuta pamebana, nyundo ya kawaida haina pa kurushiwa, na dari ya Florida mwezi wa saba ni oveni. Mafundi wanatumia nyundo ndogo ya hewa inayokaa kwenye kiganja, au wanafungua mbao za chini ya ukingo wa paa wanafanyia nje. Misumari iwe ile minene ya kufungia vyuma, si msumari wowote uliookotwa kwenye kopo.

Na si lazima umuite fundi wake. Muombe tu inspekta akutumie picha alizopiga, uone mwenyewe klipu na matundu yake matupu, kisha tafuta fundi unayemwamini. Fundi akimaliza, mwambie apige picha ya kila kiungo alichogusa, ikionyesha vichwa vya misumari mitatu, halafu inspekta arudi ajaze fomu upya. Usifanye kazi hiyo kimya kimya ukategemea wataamini kwa mdomo.

Ukiwa unaangalia hizo picha, angalia pia za plaiwudi ya paa kwa chini, yaani zile mbao pana zilizopigiliwa juu ya kenchi, vigae vinakaa juu yake. Utaona ncha za misumari. Kama zile ncha zinachungulia pembeni ya mbao ya kenchi badala ya kuingia ndani yake, huo msumari haujashika kitu, uko pale kama pambo. Misumari mizuri kwa fomu hiyo ni ya inchi mbili na nusu, iliyopangwa isizidi inchi 6 kutoka mmoja hadi mwingine. Wengine wamekuta inchi 12, ambayo ni ngazi ya kati, au wamekuta stepozi, yaani pini za stepla badala ya misumari, ambayo ni ngazi ya chini. Hapo inspekta mjanja anapitisha sumaku au kile kidude cha kutafuta chuma, anaweka utepe wa kupimia, anapiga picha utepe ukionekana. Asiyepima akaandika inchi 6 kwa kukisia, anakupa matatizo ya baadaye.

SWALI: Kaka mimi naishi Fort Myers, madirisha yote tumeweka shata za chuma, vile vifuniko vya kukinga kimbunga, mlango wa kioo wa nyuma tumeweka shata, tumetumia hela si mchezo. Inspekta anasema punguzo la madirisha sipati kwa sababu ya kadirisha ka bafuni na vioo vidogo vya mlango wa gereji. Hivi kweli kimbunga kinaingilia bafuni? *Dada wa Fort Myers*

JIBU: Dada yangu kinaingilia popote, hakichagui mlango wa wageni. Najua inauma, ila sababu ni ile niliyomwambia kijana wa Orlando, kioo kimoja kikienda, upepo umeshaingia ndani na unanyanyua paa lote, haijalishi umeingilia sebuleni au chooni. Ndo maana fomu inauliza kama vioo VYOTE vimelindwa. Kioo kimoja kikibaki wazi wanakushusha ngazi mpaka chini. Hesabu kila kitu chenye kioo, kidirisha cha bafuni, kioo cha juu ya paa, vioo vya pembeni ya mlango wa mbele ambavyo watu wanavisahau sana, na hivyo vya gereji.

Gereji ndo ningeanza nayo. Mlango wa gereji kwa kawaida ndo mkubwa kuliko milango yote na ndo mwembamba, ukibonyea umekwisha. Kama mlango wako ni mzee, kuubadilisha ukaweka uliopimwa kwa upepo bila vioo kunamaliza matatizo mawili kwa mkupuo. Angalia ndani ya mlango kama kuna stika ya kiwandani inayotaja mgandamizo uliopimwa na namba ya idhini, hiyo stika inspekta ataipiga picha, usiipake rangi kama jirani zako wanavyofanya. Sijui watu wana ugomvi gani na zile stika.

Kuhusu kile kadirisha, shata moja ndogo inatosha, au kioo cha kuhimili kimbunga. Vitu vya daraja la juu vimejaribiwa kwa kupigwa na kipande cha mbao, ile ya inchi mbili kwa nne, uzito wa paundi 9, kikirushwa kwa mzinga futi 50 kwa sekunde, karibu kilometa 55 kwa saa. Kioo kinaruhusiwa kupasuka, hakiruhusiwi kutoboka. Miami-Dade ndo waliokuwa wakali wa mtihani huu na namba zao za idhini zinakubalika jimbo zima, kwa hiyo ukiona bidhaa ina idhini ya Miami-Dade chukua bila wasiwasi, tunza risiti na karatasi yake.

Plaiwudi ya kupigilia siku mbili kabla ya kimbunga ni bora kuliko kukosa, ila kwenye fomu ina masharti yake na daraja lake ni la chini. Na ile kubandika selotepu alama ya X kwenye kioo, jamani, acheni. Haizuii kitu.

SWALI: Paa langu ni la vigae vya lami, lina miaka 16, halivuji hata tone. Kampuni ya bima wameniandikia hawataendelea na mimi mpaka nibadilishe paa. Wana haki? *Baba Watoto, Jacksonville*

JIBU: Kama sababu yao ni umri peke yake, wana kikwazo. Sheria iliyopita mwaka 2022 inasema kampuni haiwezi kukataa nyumba kwa sababu tu ya umri wa paa kama paa lina chini ya miaka 15. Likifika 15 au zaidi, kabla ya kukulazimisha ubadilishe lazima wakuruhusu ulete ukaguzi wa mtu mwenye leseni, na akisema paa bado lina maisha ya miaka 5 au zaidi, hawawezi kukukataa kwa umri tu. Kwa hiyo tafuta inspekta apande juu, apige picha za karibu, aandike miaka iliyobaki. Waandikie kampuni kwa maandishi kwamba unatumia haki hiyo, simu haina kumbukumbu.

Ila soma barua vizuri baba. Kama wameandika vigae vimejikunja, vimekatika, changarawe zimeisha, kuna alama za kuvuja, hapo si umri tena ni hali ya paa, na hiyo sheria haikukingi.

Na kama mwishoni utabadilisha, basi siku ya kuvua vigae uwepo au umtume mtu mwenye simu nzuri. Paa likiwa uchi ndo siku pekee utakayoona vichwa vya misumari ya plaiwudi, fundi aongeze mipya hapo hapo kwa inchi 6, na aweke ule utandu unaonata juu ya maungio ya plaiwudi au juu ya plaiwudi yote. Kazi yake ni kwamba hata upepo ukibeba vigae vyote, maji hayashuki ndani. Una mstari wake kwenye fomu na punguzo lake, lakini ukishafunikwa na vigae hakuna anayeuona, na inspekta wa kweli hawezi kuandika kitu asichokiona. Nimeona watu wamelipia huo utandu halafu wakakosa punguzo sababu hawana hata picha moja. Piga picha nyingi, moja ionyeshe na namba ya nyumba, weka na kibali cha kaunti. Kibali kikishafungwa na kaunti ndo mwisho wa ubishi wa paa lina miaka mingapi.

SWALI: Kuna ndugu tunasali naye, ana leseni ya ukandarasi, anasema atanijazia fomu ya upepo bila shida, haina haja ya kupanda darini, nyumba zetu zote mtaa huu zinafanana. Wengine ashawafanyia. Niende naye? *Msomaji, Kissimmee*

JIBU: Usiende naye. Tuseme kweli, leseni anayo, na sheria inaruhusu wakandarasi, inspekta wa nyumba wenye leseni, wainjinia, wasanifu majengo na wakaguzi wa majengo kusaini fomu ile. Tatizo ni kusaini asichokiona. Anayejua kuwa taarifa si ya kweli na akaitoa ili apate punguzo, au amsaidie mwingine apate, anatenda kosa la jinai kwa sheria ya Florida, na hiyo inakugusa wewe unayeipeleka pia, si yeye tu. Kampuni nayo ina haki ya kutuma inspekta wake aje kuhakiki. Atapanda, atakuta misumari ya mshazari pale ulipoandika mikanda, punguzo litafutwa, na siku ukileta madai ya kweli watakusoma kwa miwani nyingine.

Halafu hiyo ya nyumba zinafanana, hazifanani. Mjenzi mmoja, mtaa mmoja, mwezi mmoja, lakini kundi la mafundi lililofunga kenchi upande wa kulia silo lililofunga upande wa kushoto.

Kama tatizo ni hela, jimbo lina programu inaitwa My Safe Florida Home, ilirudishwa mwaka 2022, inatoa ukaguzi wa upepo bure kwa wanaokidhi masharti, na kuna ruzuku ya kuimarisha nyumba, kwa kila dola 1 unayotoa wao wanaweka 2, mpaka dola 10,000. Masharti ya kipato na aina ya nyumba yanabadilika na fedha huwa zinaisha, kwa hiyo ingia mapema usome ya mwaka huu. Ila sikia, usianze kazi kabla hawajakuidhinisha. Ukibadilisha madirisha leo ukapeleka risiti kesho kuomba ruzuku, utakuwa umejitolea kwa hiari.

SWALI: Ukaguzi wa upepo nimefanya, punguzo nimepata, mashallah. Je kimbunga kikija na maji yakaingia ndani nalipwa? Na hii ekses ya kimbunga ya asilimia 2 ni asilimia 2 ya nini, ya hasara? *Ummu wawili, Naples*

JIBU: Mashallah dada, ila hapana, hata usijidanganye usiku mmoja. Bima ya kawaida ya nyumba inalipa maji ya mvua yaliyoingia baada ya upepo kung'oa paa au kuvunja dirisha. Maji yanayotembea chini yakaingia kwa mlango, iwe bahari imepanda au mto umefurika, ni mafuriko na yanahitaji bima yake. Ukanda wenu mnajua wenyewe kimbunga Ian kilichofanya tarehe 28 Septemba 2022, bahari iliingia mpaka juu ya vitanda, na wengi walikuwa na bima nzuri tu ya upepo. Bima ya mafuriko ya serikali kuu inaweka mpaka dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vyombo vya ndani, na kwa kawaida inaanza kazi baada ya siku 30 tangu ununue, ndo maana kununua kimbunga kikiwa kimeshaonekana kwenye ramani ni bure tu.

Ekses ya kimbunga si asilimia ya hasara. Ni asilimia ya kiasi ulichokatia nyumba bima. Nyumba ikikatiwa dola 400,000, asilimia 2 ni 8,000, hiyo unatoa wewe kwanza ndo wao waanze. Paa likiharibika kwa dola 7,000, hupati kitu. Wengine ili malipo ya mwaka yapungue wanakubali asilimia 5 au 10 bila kupiga hesabu, asilimia 10 ya hiyo nyumba ni dola 40,000, jiulize kama unazo kabatini. Mi ningependa mtu achukue punguzo kwa kufunga misumari kuliko kulichukua kwa kupandisha ekses.

SWALI: Nyumba yetu ni mpya, 2019, tumeambiwa hatuhitaji ukaguzi wowote. Sawa? *Wanandoa wapya, Lakeland*

JIBU: Wa pointi nne hamhitaji kwa sasa. Wa upepo ulizeni ajenti ameshawapa punguzo gani na kwa kitu gani, kimoja kimoja, msiridhike na neno tumeshaweka. Nyumba za baada ya 2002 zinapewa baadhi ya punguzo kwa mwaka wa kujengwa tu, lakini umbo la paa na ulinzi wa madirisha mara nyingi hawajui mpaka waone fomu. Tokeni nje mtazame paa. Kama linashuka pande zote nne na hakuna ukuta wa pembetatu unaopanda mpaka kileleni, hilo ndo umbo ambalo upepo unalipita kwa shida ndogo na lina punguzo lake, mradi sehemu zisizoshuka hivyo zisizidi asilimia 10 ya mzunguko wa paa. Mkiona hivyo na kwenye karatasi za bima hamna mstari wake, muiteni inspekta.